Vali Iliyokataliwa

Kiwandani walimwita Jicho, na jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kuzipiga eksirei vali za chuma kabla hazijafungwa kwenye mabomba ya mvuke, na hakuna ufa uliokuwa na ubavu wa kumpita. Kisha wakaondoa filamu, wakamletea kamera ya kidijitali. Loo! Picha zilijaa chenga kama televisheni iliyokosa antena. Kwenye kila vali alibandika nyaya za kipimo, kuanzia nene hadi nyembamba, ili ajue picha inaona vitu vidogo kiasi gani. Ule mwembamba kabisa hakuuona hata alipokodoa macho mpaka yakatoa machozi.

Bosi akaanza maneno. "Dada, tumenunua kamera au tumenunua ukungu?"

Jicho si mtu wa kukubali kushindwa. Kamera ile ilikuwa na madoa yake, kwa hiyo kabla ya kazi ilionyeshwa bamba la chuma safi, iyakariri hayo madoa, kisha iyafute kwenye kila picha. Lakini bamba ni bapa, na vali ina mabega na shingo. Mbona asiikaririshe vali yenyewe? Akachukua moja kwenye mzigo mpya, uliomiminwa wote katika kalibu moja, akaipiga picha nyingi na kuzichanganya kuwa moja. Kamera ikaikariri. Tangu hapo chenga zikatulia, na waya mwembamba ukajitokeza waziwazi. Bosi akapiga makofi. Jicho naye, tuseme ukweli, kichwa kikamvimba.

Mzigo wote ukafaulu, isipokuwa vali moja iliyoonyesha mstari shingoni. Hiyo ikatupwa pembeni. Zilizofaulu zikafungwa kwenye boila, na mhudumu wa boila alikuwa mdogo wake Jicho, kitinda mimba wa mama yao, aliyemlea mwenyewe tangu walipobaki wawili.

Asubuhi ya kuwasha boila, mdogo mtu alichungulia mlangoni.

"Dada, vali zako hazitaniumbua leo?"

"Nenda zako, mvivu wewe. Nimezikagua moja moja."

Akaondoka akicheka.

Jicho akaibeba ile vali mbovu hadi kwa fundi wa msumeno. Alitaka ikatwe shingoni, ampelekee bosi ufa wenyewe, aringe kidogo. Msumeno ukalia, vipande viwili vikaanguka. Fundi akavigeuzageuza.

"Huo ufa uko wapi?"

"Kata hapo karibu."

Akakata tena, na tena. Ndani chuma kilikuwa kizima, kimeshikana vizuri.

"Mama, hii ni vali nzima kabisa," fundi akasema. "Mmeikataa kwa nini?"

Jicho akakumbuka jinsi kamera inavyofanya kazi. Kamera hufuta kilichokaririwa. Kama ile vali aliyoikaririsha ilikuwa na ufa shingoni, kamera imeudhania doa, na imeufuta kwenye kila vali yenye ufa palepale, na zote zilitoka kalibu moja. Hii nzima haikuwa na ufa wa kufutwa, ndiyo maana kule kufuta kwenyewe kukaacha alama.

Alirudi mbio chumbani kwake. Akaikaririsha kamera bamba la zamani, akaiweka mbele yake ile vali ya kwanza, aliyoibakiza kama mfano. Chenga zikajaa tena. Safari hii alijua pa kutazama, na shingoni, katikati ya chenga, ufa ulikuwepo.

Akapiga simu kwenye boila. Ikaita, ikaita. Kule makelele ni mengi, nani asikie? Akatupa simu na kukimbia, viatu vikamvuka njiani. Mlango wa chumba cha boila ulikuwa umefungwa kwa ndani, kama kanuni inavyotaka wakati wa kupandisha presha. Akagonga dirisha zito la kioo kwa viganja vyote viwili, akapiga kelele, akapunga mikono.

Mdogo wake akageuka. Nyuma yake mshale wa presha ulikuwa unapanda. Akamwona dada yake, akadhani amekuja kumshangilia. Akaegemeza kiwiko juu ya vali, akatabasamu na kumpungia.