Chungu cha Mama Apio

Ukisimama Malaba upande wetu wa Kenya, pale malori yanapopanga foleni, Jiwe la Tororo unaliona bila kulitafuta. Nimeliona kwa miaka arobaini na sikuwahi kulifikia. Wazungu wanapanda ndege kuja kulipanda, mimi jirani yake nalitazama tu kama kalenda ya ukutani.

"Mwaka huu tunapanda, Oundo," Osukuku akaniambia. "Hiyo magoti ikiisha utapanda na nini?"

Osukuku ni rafiki yangu tangu tulipokuwa vijana wa kupakua mizigo hapo mpakani. Yeye ni Mteso wa Angurai, na Kiteso chake kinavuka hadi Soroti, Uganda, bila kuulizwa kitambulisho. Mimi ni Msamia. Kule ng'ambo, bila yeye, mimi ni bubu.

Nikamwambia sawa, twende tukatalii. Akacheka. Alijua fika kwamba chini ya jiwe lile, upande wa pili, kuna boma la kina Apio.

Apio alikuwa akivuka kila asubuhi na kapu la mihogo mikavu. Mwaka wa themanini na saba nilimpa blanketi jekundu ampelekee mama yake, na ujumbe kwamba Desemba ningefika mwenyewe na wazee kumposa. Desemba hiyo bunduki zikalia mpakani, njia ikafungwa. Ilipofunguliwa, sikwenda. Baba alikuwa amenitafutia msichana wa Khunyangu, marehemu Roselida, mke mwema, sina neno naye. Lakini Apio sikumtumia hata salamu. Mwezi uliopita ndipo Osukuku aliposikia sokoni kwamba Apio alifariki mwaka ule wa korona, na kwamba mama yake yu hai bado. Nilitaka kumwomba mama huyo msamaha kabla mmoja wetu hajaitwa. Utalii wangu ulikuwa huo.

Jiwe tulilipanda hata hivyo, ngazi za chuma zikilia chini yetu, tukipumzika kila hatua kumi. Kule juu nilitafuta kwa macho kona ya Malaba tuliyokuwa tukikaa na Apio tukila mandazi, yeye akinifundisha Kiteso na kucheka ulimi wangu. Niliona mabati na malori tu. Katika masomo yale yote nimebaki na maneno mawili: *yoga*, ya kusalimia, na *eyalama*, ya kushukuru. Nililia kidogo. Osukuku akajifanya anapiga picha.

Tuliposhuka alituulizia njia, na saa tisa tulikuwa bomani. Mama Apio alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya chungu cha *ajon*, pombe ya wimbi, mirija mirefu ikiwa imechomekwa ndani. Osukuku akanitaja jina. Mama akavuta leso akafunika uso, akageuza kigoda, akanipa mgongo. Osukuku alipewa mrija. Mimi sikupewa.

"Twende," nikamwambia Osukuku. "Amenikataa, na ana haki."

"Ngoja, boss. Wacha mama aongee."

Mama aliongea akitazama migomba. Osukuku akasikiliza, akavua kofia, akanigeukia.

"Anasema umekosa adabu kusimama hapo," akasema. "Anasema yeye hawezi kunywa chungu moja na mkwe wake."

Hata kwetu Samia mkwe hali mbele ya mama mkwe, wala hamtazami usoni. Desturi hiyo naijua tangu utotoni, nami mwenyewe niliifuata Khunyangu miaka yote. Sikudhani kuna nyumba nyingine duniani ambako bado ninahesabiwa mkwe. Blanketi lilipokelewa, kumbe, na aliyelipokea hakulirudisha.

Nikapelekwa kwenye kibanda cha pembeni, nikawekewa chungu changu na mrija wangu, maji ya moto yakamiminwa juu ya wimbi. Nilikunywa peke yangu. Kati yangu na mama palikuwa na ukuta wa udongo, na Osukuku akasimama mlangoni kupitisha maneno.

"Anauliza ulichelewa wapi," akasema.

"Mwambie mpaka ulifungwa."

Osukuku hakumgeukia mama. "Nimwambie hiyo kweli?"

Nikaangalia chungu. Ule mpaka ulifunguliwa tena baada ya siku chache, na mama huyu anaishi kando yake. "Mwambie baba alinichagulia mke, nikaogopa kukataa. Na nikaogopa kuja kumwambia Apio."

Akamwambia. Kule ng'ambo ya ukuta nikasikia kuku tu wakiparua. Nilijuta wakati huo kuliko nilivyowahi kujuta maishani. Mwishowe mama akasema maneno machache, polepole.

"Anasema Apio pia alifikiria hivyo, kwamba umeogopa," Osukuku akasema. "Alimkataza mama asikulaani. Sasa anasema kunywa, maji inapoa."

Sikumngoja anitafsirie jibu. Nikauelekea ukuta, nikapaza sauti mwenyewe.

"*Eyalama*," nikasema.