Punda wa Udongo wa Uani

Jumamosi ya kuamkia Majilio, baada ya kufua, Astrida alitandaza gunia tupu la unga wa mahindi uani, akawaita watoto wake wawili waje kufinyanga pango la Noeli. Kasuba, mwenye miaka minane, alichimba udongo nyuma ya choo, mahali ambapo mama yake alijiambia kuwa vumbi la mgodi halifiki. Chisenga, mwenye miaka minne, alimwaga maji. Yosefu alipata joho la maganda ya mahindi, Maria kipande cha kitenge, punda na ng'ombe miguu ya njiti. Mtoto Yesu alikuwa mdogo kama harage, na hori lake lilikuwa kasha la kiberiti.

"Huyo anafichwa kabatini mpaka mkesha," Astrida alisema. "Asiguswe na mtu."

Chisenga alimgusa. Jioni ileile alimlaza horini, wiki nne kabla ya siku yake, na asubuhi hori lilikuwa tupu. Yosefu, Maria, mtoto na punda hawakuwepo. Alama za kwato ndogondogo zilikuwa zimevuka uani na kupita chini ya lango. Astrida alizifuata, akawakuta karibu na kituo cha mabasi ya kwenda Ndola, Yosefu akimvuta punda kwa uzi. Akawatia kwenye bakuli, akarudi kupika uji.

Wiki nzima ikawa hivyo.

"Mama Kasuba, wako leo wamefika wapi?" jirani yake, Mama Lombe, aliuliza juu ya ukuta.

"Darajani."

"Weee! Wangu wa plastiki wanakaa tu kama wageni wa harusi, hata kusogea hawataki."

Padri Mwelwa alikuja Jumatano kubariki pango. Alimtazama Yosefu aliyekuwa akifunga mzigo, akatikisa kichwa.

"Mmemweka mtoto mapema. Mtoto akishakuwepo, Yosefu anakimbia. Ndiyo kazi yake, hamwezi kumlaumu."

"Anamkimbia nani, Padri? Herode hatukumfinyanga."

Padri alitazama kile kilima cheusi cha mabaki ya mgodi uliofungwa. Upepo wa alasiri ulikuwa unakikwangua na kukimwaga juu ya mapaa yetu, kama siku zote. Glasi ya maji aliyopewa aliiacha ilivyo. Akabariki ng'ombe, akaenda zake.

Astrida aliogopa. Nasema wazi, maana mtaani kwetu watu wanajifanya hawaogopi, na huo ni uongo mtupu. Mwezi wa tisa muuguzi alimwambia kwamba damu ya Chisenga ina madini ya risasi, yale ya kwenye betri za magari, mengi kuliko mashine yao inavyoweza kusoma. Mtoto asicheze udongoni, alisema. Na ikiwezekana, ahamishwe. Ahamishwe wapi? Nyumba aliachiwa na marehemu mama yake, na nyumba za mtaa wetu hata mjinga hanunui. Maafisa walikuja mara tatu, wameziba midomo kwa vitambaa, wakaandika majina, wakaondoka. Na Chisenga, aliyekuwa anaongea kama redio, alikuwa ameanza kusahau majina ya vitu. Kijiko alikuwa anakionyesha kwa kidole tu.

Jumapili ya pili, baada ya Misa, Astrida alimkuta Yosefu akimfunga punda uzi. Alichuchumaa mbele yake.

"Baba Yosefu, leo siwarudishi. Lakini nakuomba, mchukue na huyu wangu. Kasuba nitabaki naye, ana nguvu kidogo. Huyu akibaki hapa nitamzika."

Yosefu alimtazama Chisenga toka miguuni hadi kichwani. Kisha akamtazama punda wake, ambaye angeweza kusimama juu ya kisahani. Akatikisa kichwa taratibu, akafungua mzigo, akakaa kizingitini kusubiri.

"Mama," Kasuba alisema, "si tumfinyangie punda mkubwa?"

Walianza saa nane mchana. Mama Lombe alileta jembe na maji ya ndoo sita. Chisenga aliambiwa akae mbali. Akalia mpaka akakosa pumzi, basi wakamwacha aje. Walichimba shimo la kufika magotini, wakakandia udongo juu ya magogo manne, mikono ikawa myeusi hadi kwenye viwiko. Chisenga alilamba vidole. Kufikia saa kumi na moja punda alikuwa na kimo cha meza, na sikio lake la kushoto likatikisika. Yosefu alimpapasa tumbo, akainua vidole viwili: siku mbili za kukauka.

Mvua ilinyesha saa kumi na mbili. Walimfunika kwa plastiki, Mama Lombe akaleta na shuka lake, lakini mvua ya Desemba haisikii la mtu. Ilichukua mgongo kwanza, halafu shingo. Punda hakulalamika. Aliwatazama tu, mpaka macho nayo yakaenda na maji.

Asubuhi Yosefu alikuwa bado anasubiri chini ya paa, mkono mmoja begani kwa Maria. Alionyesha barabara.

"Tuchimbe wapi, Mama?" Kasuba aliuliza. "Shimo limejaa maji."

"Popote, mwanangu. Udongo ni uleule."

Chisenga alikuwa ameshaanza, kwa mikono.