Kipengele cha Kumi na Nne

Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024, saa nane na dakika ishirini mchana, mawingu yalikuwa yameifunika Tabora tangu asubuhi bila kudondosha hata tone, na joto la chumba cha mkutano lilikuwa limewalegeza wajumbe wote wa kamati isipokuwa mimi. Sisemi hivyo kwa majivuno. Shule yetu ya bweni ilitufundisha kukaa wima mpaka kengele ipigwe, na sijaona sababu ya kuacha.

Nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya kutathmini zabuni ya serikali. Kazi iliyotangazwa ilikuwa kuhamisha takwimu za sayansi ya ardhi za ukanda mzima wa magharibi, yaani vipimo vya mvua, vina vya visima, unyevu wa udongo na picha za satelaiti, kutoka kwenye kompyuta zetu chakavu kwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni. Zilikusanywa na vituo vilivyofuata njia ya zamani ya misafara, kuanzia Itigi, kupita Tabora, hadi Uvinza. Zikipotea, hakuna awezaye kurudi nyuma kuipima mvua ya mwaka 1974.

Kampuni zilizobaki zilikuwa tatu. Kila moja ilipewa takwimu za kituo cha Urambo izipakie kwenye mfumo wake na kutuonyesha. Mbili zilikuwa zimeonyesha asubuhi. Ya tatu ilitoka Dar es Salaam, na mshirika wake wa hapa mjini alikuwa Abdulnasser, mfanyabiashara wa kompyuta wa Mtendeni, ambaye tulilala vitanda vya jirani bwenini.

Urafiki huo niliutangaza kwa maandishi siku ya kwanza, na kamati ikaridhia niendelee. Nilitangaza pia deni. Nilipokuwa kidato cha sita, mama yangu akilazwa na kuruhusiwa, akilazwa na kuruhusiwa, ni Bi Nawal, mama yake Abdulnasser, aliyempa chumba, akamwogesha na kumnywesha uji kama ndugu wa tumbo moja. Abdulnasser hakuwahi kulitaja jambo hilo. Kwa hiyo nilikuwa nikiisubiri siku atakayolitaja.

Mtaalamu wao, kijana aliyeitwa Prosperi, alitupitisha kwenye ramani nzuri kuliko zote tulizoziona siku ile. Mvua ya Urambo ilitiririka ukutani kwa rangi. Tulipofika kipengele cha mwisho, cha kumi na nne, alitoa karatasi yenye mhuri. Kipengele hicho nilikiandika mimi mwenyewe: mzabuni aonyeshe namna serikali itakavyozichukua takwimu zake zote mkataba ukiisha. Lakini wale wa asubuhi walileta tamko la maandishi tu, nasi, kwa uchovu, tukalipokea. La Prosperi tukalipokea vilevile.

Nilipotoka kuelekea kwenye gari, Abdulnasser alikuwa nyuma ya tangi la maji.

"Kiranja," aliita. Ndivyo anavyoniita mpaka leo.

"Haturuhusiwi kuzungumza."

"Ndiyo maana nasema haraka. Kipengele cha kumi na nne. Usikubali karatasi. Waambie wazitoe."

"Nani azitoe?"

"Sisi! Waambie wenzangu warudishe takwimu zenu zote, hapo hapo mbele yenu."

Nilitazama huku na huku kuona nani amesimama na simu mkononi. "Mzabuni ananiomba nimbane mzabuni. Nani amekutuma?"

Alicheka kwa pua. "Hubadiliki, Masolwa. Hata bwenini ukimkuta mtu anasali ulimuuliza anaficha nini."

"Jibu swali."

"Nyumba yetu imehifadhi mizigo ya watu tangu enzi za babu wa babu yangu. Nta, asali, chumvi ya Uvinza. Aliyeweka, alichukua. Hawa jamaa mkataba wao na wenye mitambo itakayohifadhi takwimu nimeusoma juzi, nikiwa nimeshatia sahihi ya kushirikiana nao. Kuingiza ni bure. Kutoa ni mpaka wakubali wao, kwa bei yao. Siku wakulima wa Ulyankulu watakapodai rekodi za mvua kwa ajili ya bima ya tumbaku, atakayetukanwa sokoni ni mimi, siyo mtu wa Dar."

"Basi jitoe."

"Nikijitoa wananidai fidia mpaka nyumba iende." Alishusha sauti. "Sijawahi kukuomba kitu, na unajua ningeweza."

Hapo ndipo deni liliponong'onwa. Nilipanda gari bila kumuaga.

Jioni ile, nyumbani Itetemia, nililipima jambo lile kama nilivyofundishwa kupima ushahidi. Huenda mmoja wa washindani wao alikuwa amemnunua ili awaangushe wenzake kutoka ndani. Huenda tulirekodiwa, ili kampuni itakayoshindwa ikate rufaa kwamba mwenyekiti alikutana na mzabuni faraghani. Huenda alisema kweli. Hilo la mwisho ndilo nililoliamini kidogo kuliko yote, na siombi radhi. Mtu asiyewahi kuomba, anapoomba jambo jema kupita kiasi, anastahili kutiliwa shaka zaidi.

Hata nilifikiria kuliacha jaribio lenyewe, kwa kuwa tu limeombwa na mtu asiyestahili kuliomba. Kisha nikajiona mjinga. Kipengele kilikuwa changu kabla hakijawa ombi lake.

Jumatano asubuhi nilimkabidhi katibu wa kamati, mwanasheria Esperansi, maelezo ya mazungumzo yale, neno kwa neno.

"Shikamoo, Mwenyekiti," alisema, akasoma, akaacha kutabasamu. "Masharti yetu yanasema mzabuni anayemfuata mjumbe faraghani anaripotiwa. Abdulnasser anaweza kufungiwa zabuni zote za serikali. Unalijua hilo?"

"Marahaba. Nalijua."

"Na wewe je?"

"Najitoa kwenye kutoa alama. Utaongoza wewe, mimi nitakaa pembeni. Kama kamati inaona inafaa, kampuni zote tatu zirudi na zifanye kipengele cha kumi na nne kwa vitendo. Zote. Siyo hiyo moja."

Alinitazama juu ya miwani. "Wenzako wangechana hii karatasi wakanywa chai."

"Wenzangu hawakusoma nilikosoma."

"Hilo tumeshalisikia, Mwenyekiti," alisema, akaenda kuwaita wajumbe.

Kamati ilikubali, na kampuni zikaitwa asubuhi ile ile. Kampuni ya kwanza ilirudisha takwimu za Urambo kabla birika la chai halijaisha. Ya pili ilihangaika, mtandao ukakatika, lakini kufikia adhuhuri kila namba ilikuwa imerudi. Prosperi alibonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. Ukutani kilitokea kisanduku kikisema ombi limetumwa kwa mmiliki wa mitambo ili liidhinishwe.

"Huu ni utaratibu wa kawaida, Mama," alimwambia Esperansi. "Wateja wote wanaupitia."

"Inachukua muda gani?"

"Inategemea."

"Na bei yake iko ukurasa wa ngapi katika zabuni yenu?"

"Hiyo huwa... tunaijadili mbele ya safari."

"Safari ya nani, kijana?"

Wajumbe walicheka, naye akafuta jasho. Kufikia saa kumi alikuwa ameturudishia ramani za rangi, ambazo ni picha tu. Vipimo vyenyewe havikutoka. Esperansi aliandika sifuri. Abdulnasser, aliyekaa safu ya nyuma, hakuinua macho. Lakini walipokuwa wakitawanyika, nilimwona wakala wa kampuni ya kwanza akimshika mkono kwa muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji. Huenda ilikuwa pole. Huenda ilikuwa shukrani. Sijui, na tangu siku ile sijaacha kujiuliza.

Alhamisi asubuhi Abdulnasser alinikuta kwenye baraza la ofisi. Taarifa ya kamati nilikuwa nayo mkononi, naipeleka kwa afisa masuuli, mwenye kauli ya mwisho juu ya zabuni. Kanzu yake ilikuwa imepigwa pasi vizuri, lakini hakuwa amenyoa.

"Nimesikia jina langu limo."

"Limo."

"Nilikuambia kweli au sikukuambia?"

"Kuhusu mitambo, ulisema kweli."

"Kwa hiyo takwimu zenu zimepona, na mimi nafungiwa. Ofisi za serikali ndizo wateja wangu, Masolwa. Nina watoto wanne."

"Ungeyasema mkutanini, mbele ya wenzako."

"Wangenimaliza!"

"Ndiyo."

Alinishika kiwiko, jambo ambalo hajalifanya tangu tukiwa wavulana. "Karatasi moja tu. Itoe. Sema wazo la jaribio lilikuwa lako, na si uongo, kipengele ni chako. Mama yangu yupo hai, anakuulizia kila Idi. Mimi sikuombi kwa ajili yangu. Nakuomba kwa ajili ya kile chumba alicholala mama yako."

Sasa alikuwa amelitaja waziwazi. Niliona kwamba sikuwa na hasira. Nilikuwa nimeliogopa ombi hili miaka mingi, nalo lilikuwa dogo, la haki kiasi, limetoka kwa mtu ambaye pengine alikuwa mwema kuliko nilivyomdhania.

Nilikitoa kiwiko changu mkononi mwake.

"Hapana," nilimwambia. "Deni lipo, sitalikana mbele ya mtu yeyote. Ila serikali haikulikopa, na kwa karatasi yake sitakulipa."

Nikaingia ndani, nikaikabidhi taarifa ikiwa na kurasa zake zote.