Mabuti ya Gwakisa

Honorata hakuwa mwanamke wa kupekua mifuko ya mumewe, lakini ile hanchifu ilijileta yenyewe kwenye nguo chafu. Ilikuwa na madoa mekundu, tena inanukia yasmini. Tangu lini ghala la Landover, huko Marekani, alikopakia mizigo mumewe Gwakisa, likanukia yasmini?

"Hiyo ni lipstick, weh!" alisema Shiku, Mkenya aliyetunza naye wazee. "Huyo ako na mwingine. Tuesday uko off, tum-follow."

Jumanne hiyo wakalifuata basi alilopanda Gwakisa kwa gari la Shiku. Gwakisa alishuka mbali kabisa na ghala, akaingia kwenye jengo jeupe lenye mnara uliojaa sanamu. Lilikuwa hekalu jipya la Wahindi wa kusini.

"Kumbe Mhindi!" Honorata alifoka, akashuka garini.

Mlangoni palijaa viatu. Mabuti ya kazi ya Gwakisa yalikuwa yamebanana na ndala za kike za dhahabu. Wivu ukampanda hadi utosini. Akayakwapua: leo atatoka pekupeku, aeleze!

Bibi mmoja mwenye sari akamwonyesha avue na vyake. Ndani, kabla hajakemea kwa jina la Yesu, kuhani alishamgusa kwenye paji la uso. Akajifuta. Kidole kikawa chekundu, wekundu uleule wa hanchifu. Na yasmini ilikuwa kwenye nywele za kila mwanamke aliyepita.

"Chakula chini," bibi akasema kwa Kiingereza, akionyesha ngazi. "Kila mtu anakula. Bure."

Huko chini Gwakisa alikaa peke yake, na sare yake ya ghala. Nusu ya wali wa manjano alikuwa anakula, nusu anaifunga kwenye foili. Honorata aliujua wali ule. Kila jioni aliletewa, akaambiwa umetoka kwa Mhindi wa kazini, naye akausifu.

"Tangu lini, Baba Neema?"

Gwakisa aliruka. Akayaona mabuti kwapani mwa mkewe, akainamisha kichwa.

"Walitupunguza kazini Januari. Ningekuambiaje, mke wangu, na wewe unavyojisifia kazi yangu kanisani?"

Honorata alikuwa amejiandaa kupambana na mwanamke. Kwa hili hakujiandaa hata kidogo, likamuuma kuliko wivu. Akaketi, akaifungua ile foili, akamega wali kwa vidole.

"Tule," alisema. "Na kesho usiyavae tena haya mabuti."