Bima Iliyolipa Ukuta

Fundi wa majokofu alikaa, akasimama, akakaa tena. Benchi la ofisi ya bima lilikuwa refu na walikuwa wawili tu, yeye na mkewe, lakini alijibana ukingoni utadhani kuna watu kumi wanaomsukuma. Mkewe alikuwa ameegemea ukuta, mkono wake wa kulia umefungwa plasta kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko.

"Hebu tulia, baba watoto. Unanitia kizunguzungu."

"Mbona nimetulia."

Hakuwa ametulia tangu siku ya ajali, wiki tatu nzima. Asubuhi ile mkewe alikuwa anampeleka binti yao shuleni. Mtu wa baiskeli akachomoka uchochoroni, mama akakata usukani kumkwepa, gari likavamia ukuta wa duka la viatu. Mwenye baiskeli hakuguswa hata tairi. Mtoto alitoka na mshtuko na uvimbe mdogo kwenye paji la uso. Mama ndiye aliyevunjika mkono, mahali pawili. Naye alikuwa msusi, mwenye vidole vyepesi ambavyo wanawake wa mitaa mitatu walikuwa wanavipangia foleni.

Siku kumi baadaye fundi alipita pale akawakuta waashi wanapiga lipu. Mwenye duka alikuwa anachagua rangi, meno yote nje. Bima ya gari la fundi ilikuwa imelipa. Ilikuwa imelipa ukuta. Fundi akageuza njia kabla hajaonekana.

Maana mwaka uliopita mkewe alipomuuliza, "Umekata bima kubwa, kama tulivyokubaliana?" yeye alijibu bila kumtazama, "Nimeshakata." Kukata alikata kweli, ila alikata ndogo, ile inayomfidia mtu wa nje ukimgonga yeye au mali yake, basi. Pesa iliyobaki alinunulia mashine ya kujazia gesi kwenye majokofu. Alijiambia atamweleza mkewe jioni. Jioni ikageuka mwaka.

Sasa muda wa bima ulikuwa umekwisha na ilibidi wakate mpya, gari limetoka gereji, na mkewe alikuwa ameng'ang'ania kuja mwenyewe, aulizie fidia ya mkono wake. Humo ndani wakala angefungua faili, na maneno yangemwagika mezani mbele ya mtu mwingine. Fundi akasimama tena, akaenda hadi dirishani, akarudi.

"Mama watoto."

"Nini tena?"

"Ile bima ya mwaka jana. Ilikuwa ndogo."

Mkewe aligeuza shingo taratibu. "Ndogo vipi? Si uliniambia umekata?"

"Nilikata. Nilikata ndogo."

Alingoja matusi. Mkewe aliutazama mkono wake, kisha akamtazama yeye kuanzia viatuni kwenda juu, akaokota mkoba wake na kusogea hadi mwisho wa pili wa benchi.

"Ukuta wa watu unapakwa rangi," alisema, "mimi nafungiwa vifungo vya gauni na mwanangu."

Mlango ukafunguliwa, wakala akachungulia. Alikuwa mwanamke aliyesukwa na mkewe siku nyingi.

"Karibuni jamani! Shoga, pole na mkono. Shemeji, mbona umenywea hivyo?"

Walipoketi tu, fundi akarukia. "Nipe kubwa. Kubwa kuliko zote, andika sasa hivi."

"Huyo ndiye shemeji yangu!" Wakala akavuta fomu na kuanza kuandika.

"Ngoja," alisema mkewe. "Hiyo kubwa, nikivunjika na mkono wa pili, inanilipa nini mimi?"

Kalamu ikasita. Wakala alikuna kichwa, akakiri kwamba kwenye kampuni yao bima kubwa hutengeneza gari tu. Dereva na watu wa ndani ya gari wana kipengele chao, ajali binafsi, na usipokiomba hakiandikwi. Hicho ndicho kinacholipia matibabu, na siku ambazo mtu hawezi kufanya kazi, na hata familia ikiwa dereva amefariki.

"Kinaweza kuongezwa kwenye ndogo?"

"Kinaweza. Lakini gari lenu likiharibika mtajitengenezea wenyewe."

"Lile kuukuu? Likifa tutatembea. Na dereva ni nani kwenye karatasi zenu?"

Wakala alifunua faili. "Hapa yupo shemeji peke yake."

"Basi niandike na mimi. Halafu unisomee wanachokataa kulipa, chote, polepole."

Wakala alisoma, mkewe akauliza, wakala akarudia kusoma. Wakala alihema, akamgeukia fundi: "Shemeji, huyu akitaka kazi yangu, mwambie asije." Fundi hakucheka. Ilibidi ashikilie fomu isiteleze wakati mkewe anatia sahihi kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja, zimepinda kila upande. Kisha yeye akatia yake chini.

Garini mkewe alipanda kiti cha nyuma. Fundi aliwasha, akazima, akawasha tena. Alimtafuta kwenye kioo.

"Utanisamehe?"

"Endesha gari."

Plasta ilikatwa baada ya wiki tano. Kidole kimoja kilibaki kigumu, na msusi alirudi kazini akisuka kichwa kimoja pale alipokuwa akisuka vitatu. Ile mashine ya gesi fundi aliiuza mwenyewe, bila kuambiwa, akamlipia mkewe mazoezi ya mkono. Neno la msamaha hakulisikia. Ila siku moja, wakiwa mezani, mkewe alimsukumia karatasi za bima ya afya ya binti yao, zikiwa bado hazijajazwa.

"Tusome wote," alisema. "Na ukae chini."