Jina la Ghuba na Kazi ya Atuganile

Ulikuwepo, usinidanganye. Jumanne ile, godauni la tende, huku ugenini Clairwood, Atuganile anafukuzwa kazi mbele yako, na wewe ukajifanya unafunga kamba za viatu.

Mimi sisahau. Maboksi yale yalikuwa ya Abu Nasir, Mwarabu mwenye duka mjini. Lebo alizileta mwenyewe, zimeshachapwa: Tende za Ghuba ya Uarabuni. Atuganile akaambiwa abandike, akabandika. Bosi Bahram, Mwajemi mwenye godauni, alipoingia akasoma moja, akasimama kama mtu aliyetukaniwa mama.

"Nani kabandika uchafu huu?"

"Mimi, mzee. Ni lebo za mteja."

"Ghuba ile ni ya Uajemi! Tangu enzi za wafalme wetu, jirani Mwarabu hajajenga hata ghorofa moja!"

Bahram alikaa Dar miaka kumi. Kiswahili kinamtoka vizuri, matusi zaidi.

Athanase, Mrundi wetu, akajaribu utani. "Patron, si ulikimbia serikali ya kwenu? Eish, leo unaongea sawa na waziri wao!"

Tukacheka. Yeye hakucheka.

"Serikali naichukia," akasema polepole. "Kwa jina hili, mimi na wao ni kitu kimoja. Jirani tutauziana naye, tutakunywa naye chai. Jina hatumpi. Wewe mama, toka."

Nilimwelewa, ndiyo maana nina hasira. Babu yangu kule Unguja alimkataa mchumba wa shangazi kwa kuwa ni mtu wa bara, na "sisi ni Washirazi, damu ya wafalme wa Uajemi". Shangazi alizeeka peke yake. Wafalme wenyewe hata makaburi yao babu hakuyajua.

Jioni Bahram na Abu Nasir wakapatana. Maboksi yaliondoka yameandikwa Tende Bora, bahari haikutajwa. Atuganile hakurudishwa. Barua ya Bahram ya kumfukuza inasema alizichapa lebo yeye mwenyewe, kwa dharau. Na kibali cha Atuganile cha kukaa nchi hii kinategemea kazi ile.

Shauri la kufukuzwa kwake linasikilizwa kesho saa tatu asubuhi. Athanase anakuja, nami nakuja, lakini sisi hatukuona lebo zikiletwa. Wewe ndiye uliyezipokea kutoka kwenye gari la Abu Nasir; sahihi kwenye karatasi ya kupokea mzigo ni yako. Inuka. Mpigie Atuganile sasa hivi, umwambie utasema.