Tuta la Birika

Umoja ni udhaifu, utengano ni nguvu. Ukibisha, kawaulize watu wa ile bustani ya mtaa iliyokuwa nyuma ya karakana ya seremala, pale palipokuwa pakitupwa matairi mabovu na magodoro yaliyokojolewa. Kwa misimu kadhaa pale paliota nyanya za kumtoa nyoka pangoni. Majembe yalikuwa ya wote, mpira wa maji ulikuwa wa wote, na aliyewahi kufika asubuhi alimwagilia tuta lake, kisha la jirani yake. Sheria hiyo aliitunga Msusi, mwenyekiti wao, mwanamke mwenye vidole vyepesi na ulimi usiohitaji kunolewa.

Mtu mmoja tu aliikataa. Huyo alikuwa fundi cherehani wa kona ya barabara, ambaye mtaa mzima ulimwita Birika, kwani mkono wake ulikuwa wa birika hasa, haukunjuki. Alilima kwa jembe lake, akamwagilia kwa ndoo yake, akalizungushia tuta lake mabati na kulitia kufuli. Msusi alimsema vikaoni mpaka akachoka yeye. Mama mkwe wake Msusi, ambaye tuta lake la mchicha na bamia lilipakana na lile la mabati, alidai kwamba Birika akipiga chafya huziba mdomo, asije akampa mtu hewa ya bure.

Kisha nyanya zikaanza kunyauka. Mchana zililala kama zenye kiu, jioni zikaamka, na watu wakaongeza maji. Kadiri maji yalivyozidi, ndivyo zilivyozidi kulala, hadi zikakataa kuamka na majani yao bado ya kijani. Bwana shamba alipoitwa hakusema mengi. Alikata shina moja, akalitia kwenye glasi ya maji safi, akawaambia wasubiri. Punde uzi mweupe ukateremka kutoka kwenye lile shina, kama maziwa yanayozama. Ni mnyauko, alisema. Hauna dawa, unakaa ardhini miaka, na unasafiri kwa jembe, kwa maji, kwa tope la miguuni.

Msusi aliyatazama majembe ya wote yaliyoegemea ukuta, akaelewa. Kila asubuhi waliusambaza ugonjwa kwa mikono miwili, huku wakiitana ndugu.

Waling'oa, wakachoma. Zikabaki nyanya za Birika peke yake, nyuma ya mabati, zikiiva kwa dharau.

Watu wakaanza kuaga. Muuza mkaa alisema sasa nguvu zake anazipeleka kwenye kuku. Wengine waliacha tu kuja. Msusi alipiga hesabu zake za moyoni akaona jambo liko wazi. Likipona tuta hili moja, patakuwa na mbegu safi, wataomba udongo mwingine, watazipanda kwenye magunia, na mtu atapata sababu ya kuamka mapema kuja pale. Likifa, bustani imekwisha. Hakuna aliyempenda Birika, lakini tumaini la mtaa lilikuwa limehamia kwake bila kupiga hodi.

Na mvua zilikuwa mlangoni. Kiwanja kiliteremka kuelekea kwenye yale mabati, kwa hiyo maji yote ya udongo mgonjwa yangeishia kwa fundi. Ilibidi uchimbwe mtaro wa kuyakata, na njia ya mtaro ilikuwa moja tu, katikati ya tuta la mama mkwe.

Msusi alimwendea kwa adabu zake zote. Mama mkwe alimsikiliza huku akikunja nguo, akauliza kama ni lazima iwe mchicha wake, mchicha ambao haujaumwa hata mafua. Msusi akamjibu kwamba ni lazima.

"Basi chimba," mama mkwe alisema. "Lakini nyanya hizo zikifa, mwanangu, usidhani nitanyamaza."

Siku ya kuchimba walifika wachache, majembe yakasuguliwa kwa dawa ya kufulia mpaka yakang'aa. Birika alisimama nyuma ya mabati yake akiangalia watu wakifyeka bamia za bibi kizee kwa ajili yake. Hakuna aliyemwita. Baadaye akatoka mwenyewe na jembe lake, akashuka mtaroni, akachimba hadi shati likamganda mgongoni.

"Fundi," seremala akamtania, "jasho hilo unatuachia, au utakuja na ndoo yako kulichota?"

Birika akacheka. Hawakuwahi kuyaona meno yake ya pembeni.

Mtaro ulipokwisha waliujaribu kwa ndoo za maji, na maji yakakata kona vizuri kuelekea barabarani. Hapo Birika akatoa ufunguo mfukoni, akafungua kufuli.

"Ingieni, jamani. Kila mtu achume yake. Na wewe mama, chuma mbili. Mchicha wako umenifia mimi."

Msusi alikuwa kando ya mlango wa bati. Aliitazama miguu iliyokuwa ikija: malapa ya seremala, miguu mitupu ya mama mkwe, viatu vya Birika mwenyewe, yote imevaa soksi za tope la mtaroni. Majembe waliyaosha, miguu hakuna aliyeikumbuka. Bado hakuna aliyevuka. Neno moja lingetosha, na alikuwa nalo kwenye ncha ya ulimi. Akamtazama fundi, aliyeushika mlango wazi na kuona haya kama bwana harusi. Akalimeza.

Mvua zikaja, mtaro ukafanya kazi yake bila kosa. Jua lilipotoka, nyanya za Birika zililala mchana, zikaamka jioni. Msusi alikata shina kwa mkono wake, akalitia kwenye glasi. Uzi ukateremka.

Kikao cha mwisho walikifanyia karakanani, wameketi juu ya mbao. Walikubaliana kukirudisha kiwanja kwa serikali ya mtaa, na hakuna aliyepinga. Ndipo mama mkwe akasimama.

"Mtaro haukuvuja. Ugonjwa ulipitia wapi, mwenyekiti?"

"Miguuni mwetu, mama. Nilikuwa mlangoni, nikaliona tope. Nikanyamaza."

Seremala aliacha kupiga randa. Muuza mkaa akatukana kwa sauti ya chini. Mama mkwe alisema anamwelewa mtu aliyesahau, lakini aliyeona kwa macho yake mawili, akaacha bamia zake zife bure, huyo hamwelewi, na kwamba aombe radhi mbele ya watu. Wengine wakaitikia. Birika, ambaye muda wote alikuwa akiikunja na kuikunjua tepu yake ya kupimia, alisema yeye hataki makubwa.

"Sema samahani tu, yaishe. Nitaipokea."

Msusi alijua neno lile lisingefufua hata jani. Ardhi ingebaki na ugonjwa, na wao wangepishana barabarani kila mtu akitazama upande wake.

"Ulitufungulia mlango, fundi," alisema. "Ningekufungia usoni kwa ajili ya nyanya? Bamia za mama nimeziua, nyanya zako nimeziua, na bustani imefia mikononi mwangu. Yote ni yangu, yaandikeni. Lakini samahani ya kukuacha utukaribishe sina, wala sitaitafuta. Siombi radhi."